Mashine ya Asidi Isiyozimwa

Mashine ikizimwa, mchezo umekufa. Hiyo ndiyo shida, na imekuwa shida hiyohiyo kwa miezi saba.

Mashine yenyewe haina swichi. Walioiunda hawakuona haja. Ukitaka kuizima unachomoa waya, basi. Na mchezo uliomo ndani hauko mahali pengine popote. Hauko kwenye kaseti, hauko kwenye karatasi, hauko kwenye simu ya mtu. Uko humo tu, kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya zamani yenye ukubwa wa kitabu, na umeme ukikatika kwa muda wa kupepesa jicho, kumbukumbu hiyo inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa kitu.

Ni saa tatu asubuhi. Ndani ya karakana ya kuchaji betri, mtu mfupi mwenye mabega mapana anaweka kiganja juu ya mgongo wa mashine, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Koti lake la kazi lina matundu mengi kuliko kitambaa.

"Ana joto huyu," anasema.

"Nani, yeye au wewe?" mkewe anauliza. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchele.

"Mashine."

"Ah. Basi mimi niendelee na mchele wangu."

Mtaa mzima unamwita fundi huyu Asidi. Ana miaka hamsini na mbili, na arobaini kati ya hiyo ameishi na betri za magari. Anazifungua, anazisafisha, anaziongeza maji, anazichaji. Betri ndogo moja ikichajiwa mpaka ijae inamwingizia bei ya mkate. Siku nzuri ni mikate kumi na tano. Siku mbaya, anasema, ni chai kavu na heshima.

Nyuma ya meza ya kazi, juu ya rafu aliyoipigilia mwenyewe, ndipo ilipo kompyuta. Vitufe vyake ni vya mpira, vimechakaa hadi herufi nyingine hazisomeki. Kando yake kuna rekoda ya kaseti. Juu yake kuna televisheni ndogo iliyonenepa nyuma, ya aina ambayo watoto wa leo hudhani ni kabati.

Kutoka kwenye mashine zinatoka nyaya mbili. Moja inakwenda kwenye umeme wa ukutani, nyingine kwenye betri ya gari. Asidi ameziunga kwa namna ambayo ya ukutani ikilegea, ya betri inashika palepale, kama watu wawili waliobeba gunia moja.

"Umeme umekatika hapa mara nyingi kuliko nywele zangu," anasema, akivua kofia kuonyesha kwamba nywele zenyewe hazipo. "Yeye hajui. Hajawahi kujua."

*

Mchezo ulitungwa na mdogo wake.

Mdogo mtu alikuwa karani wa ghala la vipuri. Mtaani aliitwa Karani hivyohivyo, hata na mama yake. Alipata kompyuta hiyo pale bosi wake alipohama ofisi na kutupa vitu. Wengine waligombania viti. Karani aliokota kompyuta. Kila jioni baada ya kazi aliketi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kaka yake, akibonyeza vitufe vya mpira kwa vidole viwili, miaka miwili mfululizo, mpaka mchezo ukasimama.

Tuseme ukweli: kwa macho ya leo ni kituko. Chombo cha anga ni pembetatu nyeupe. Chombo hicho kinaingia katika jiji lililokufa, chini ya ardhi ya mwezi usio na jina, na humo ndani ni vichochoro juu ya vichochoro. Kila picha ni kipande kimoja cha njia. Ukitokea pembeni unaingia kipande kingine. Adui ni vidoa vyekundu vyenye miguu sita, vinavyotoka kwenye nyufa za kuta.

"Kunguni," anasema Asidi. "Wengine wangeweka majitu ya angani. Yeye aliweka kunguni. Alikuwa na ugomvi nao tangu utoto."

Una roho tatu. Unapiga, unakwepa, unatafuta njia. Roho zikiisha, unarudi lango kuu na kuanza upya.

Kila Jumamosi jioni ndugu hao wawili waliketi mbele ya televisheni hiyo. Mchezo ulihifadhiwa kwenye kaseti ya kawaida, kama ya muziki, na ili kuuingiza kwenye mashine ilibidi kaseti icheze dakika nne huku ikitoa kelele kama nzige walionaswa ndani ya debe. Asidi alipenda kelele hizo. Alikuwa akizisikia tu, anajua wiki imekwisha.

Karani alifariki miaka minne iliyopita. Figo zilimchosha, naye akazichoka. Hakuoa. Aliacha suruali mbili za kazini, baiskeli, na mchezo.

Asidi aliihamishia mashine karakana, akaendelea na Jumamosi zake peke yake. Mpaka Jumamosi moja, miezi saba iliyopita, mara tu mchezo ulipomaliza kuingia, rekoda ikameza utepe. Aliuvuta taratibu, lakini ulitoka umenyooka kama tambi na kukatika sehemu tatu. Muziki ungevumilia. Mchezo wa kompyuta hauvumilii hata upana wa unywele.

Kulikuwa na kaseti ya pili. Karani hakuwa mjinga, alitunza nakala. Ila miaka mingi nyuma nakala hiyo ilikaa juu ya meza ya sebuleni, na shemeji yake alikuwa akifuatilia mchezo wa kuigiza redioni uliofikia kipindi cha mwisho, na hakukuwa na kaseti nyingine karibu.

"Nilirekodi juu yake," anasema mke wa Asidi bila kuinua macho kwenye mchele. "Mwanamke alikuwa anachagua kati ya wachumba wawili. Ungefanyaje wewe?"

"Karani alisemaje?" anaulizwa.

"Alicheka. Akaniambia, 'Shemeji, angalau umechagua kaseti bora. Hiyo niliinunua kwa mshahara wa wiki.' Alisema atatengeneza nakala nyingine. Hakutengeneza. Nani anajua siku yake?"

*

Tangu siku ile televisheni huzimwa, lakini mashine haizimwi.

Mtu angeuliza: kwa nini asihamishe mchezo kwenye kaseti mpya, yakaisha? Kwanza, tundu la kutolea sauti lilikuwa limeng'oka. Asidi alililehemu huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Hakutumia chuma cha kulehemu cha umeme, kwa kuogopa kiivujishie umeme. Alipasha kipande cha shaba kwenye jiko la mkaa, akafanya kazi hiyo kwa pumzi moja moja. Waya ulipotaka kuteleza, aliubana kwa kidole gumba na hakukiondoa mpaka lehemu ilipoganda.

"Nilisikia harufu ya nyama," anasema mkewe. "Nikajua si ya chakula, maana nilikuwa sijapika."

Pili, na hapa ndipo kulipokuwa na ukuta, mchezo hausimami. Watoto wa jirani walikuwa wakiingia na kubonyeza kila kitu, kwa hiyo Karani aliua kitufe cha kusimamisha. Mchezo usiposimama, mashine haipokei amri. Isipopokea amri, hainakili. Kuna njia moja tu, na Karani aliisema mara nyingi akicheka: "Hautoki humo mpaka ufike nyumbani."

Asidi alidhani ni utani. Baadaye akaelewa kwamba ilikuwa maelekezo. Mahali fulani mwisho wa vichochoro kuna mlango, na ukiuingia mchezo unasimama wenyewe.

Yeye hakuwahi kuufikia. Karani hakuwahi kumwonyesha. "Mtu hasindikizwi nyumbani kwao," alikuwa akimwambia.

Miezi ikapita. Asidi alicheza kila siku baada ya kazi, alikufa kila siku baada ya kazi. Halafu msimu wa joto ukaingia. Akahamisha feni ya chumbani kuja karakana. Watu nyumbani wakalala wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria. Wiki iliyopita vidoa vya rangi vikaanza kutapakaa kwenye skrini, vikaja na kuondoka, na Asidi, ambaye amezika betri nyingi, alijua maana yake. Mashine ilikuwa inaaga.

*

Msaada ulikuwa umeshakuja, pamoja na betri iliyokufa.

Mzee mmoja, miaka sabini na ushee, ana kibanda cha sabuni na viberiti mtaa wa pili. Betri yake humwashia taa. Zamani, kabla barabara kubwa haijapanuliwa na mtaa wa zamani kubomolewa, alisukuma mkokoteni wa maji humo, madumu kumi na mawili kwa mkupuo, zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Madumu.

Mwezi na nusu uliopita alikuja kuchukua betri yake, akamkuta Asidi anacheza. Akasimama nyuma yake kimya. Asidi anasema alidhani mzee amesinzia kwa kusimama.

"Hapo haupiti," Madumu akasema ghafla.

"Nini?"

"Mkokoteni. Hapo haupiti, kuna ngazi. Zunguka nyuma."

"Mzee wangu, hii ni sayari nyingine."

"Sayari gani? Zunguka nyuma, kushoto, kwa muuza mkaa."

Asidi akazunguka ili amridhishe mzee. Kushoto palikuwa na njia ambayo hakuwahi kuiona kwa miaka yote hiyo. Akageuka kumtazama Madumu. Madumu alikuwa ameweka betri chini na kushika kiuno.

"Nani amechora mtaa wetu?" mzee akauliza.

Karani alikuwa ameuchora wote. Kila kona, kila mfereji, kila upenyo wa mtaa wa zamani, akaufunika kwa rangi za ajabu na kuujaza kunguni, akauita jiji lililokufa. Aliumaliza mwaka uleule tingatinga zilipoanza kazi.

Lakini kwa nini Asidi mwenyewe asiutambue mtaa aliozaliwa? Swali hilo linamfanya akune kichwa.

"Mimi niliutoka na miaka kumi na miwili," anasema. "Baba alipofariki, ada haikutosha wawili. Nikaenda gereji kushika spana, nikalala hukohuko. Karani akabaki shule. Nyumbani nilikuwa narudi Jumamosi kwa Jumamosi, tena kwa barabara kubwa. Vichochoro vilikuwa vyake."

Jumamosi hizo anazikumbuka. Kitanda kilikuwa kimoja. Siku nyingine zote kilikuwa cha Karani. Jumamosi mama yao alimshusha Karani kwenye mkeka, kaka mtu akalala kitandani, kwa sababu kaka mtu ndiye aliyeleta unga. Karani alikuwa akinuna. Aliwahi kudai kunguni wa kwenye mkeka wana meno marefu zaidi.

"Hakuwahi kuniambia asante," anasema Asidi. "Na mimi sikuwahi kuitaka. Ndugu hawaandikiani risiti."

*

Leo Madumu anaingia akiwa na haraka isiyo ya umri wake.

"Shikamoo, Mzee Madumu," mke wa Asidi anamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Yuko wapi rubani?"

"Ndani, anamuuguza mke mwenzangu."

Wiki sita wamefanya kazi pamoja. Madumu hajui kupiga risasi. Anasema yeye hawezi kumpiga kunguni risasi, labda kandambili. Kwa hiyo wamegawana vitufe. Asidi anasukuma chombo na kupiga. Madumu, vidole viwili vikiwa vimesimama kama mikono ya usukani, anageuza kushoto na kulia. Wamefika kisimani mara nyingi. Kisimani ndipo wanapofia. Njia inaishia ukutani, kunguni wanafurika, na huo ndio mwisho.

"Nimekumbuka," Madumu anasema akivuta kiti. "Asubuhi hii nimebanwa kati ya kitanda na ukuta, natafuta kandambili. Nikiwa nimebanwa hivyo, nikakumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Washa kwanza televisheni. Mdomo hauoni njia."

Wanaanza lango kuu. Wanapita kwa muuza mkaa. Wanapita mfereji. Skrini inatapakaa vidoa, inatulia. Asidi anapiga huku ameuma ulimi. Roho ya kwanza inakwenda kwenye kona ya kinu, kwa uzembe.

"Umelala, kijana?"

"Umechelewa kugeuza, mzee."

"Mkokoteni uliojaa haugeuzwi kama baiskeli. Endelea."

Roho ya pili inakwenda karibu na kisima, skrini ilipojaa vidoa, kunguni wakawa hawatofautishwi navyo. Mke wa Asidi ameacha mchele. Amesimama nyuma yao, mikono imefungwa kifuani, wala hatanii tena.

Wanafika kisimani. Ukuta uko mbele.

"Sasa sikiliza," Madumu anasema. "Kati ya choo cha wapangaji na ukuta wa fundi viatu kulikuwa na upenyo. Mkokoteni nilikuwa nauacha kisimani. Naingia na dumu moja moja, kwa ubavu. Kwa ubavu, umenielewa? Ukiingia kifua mbele, unakwama."

"Chombo kina ubavu gani?"

"Kila kitu kina ubavu. Usisukume mpaka niseme."

Mzee anageuza pembetatu taratibu mpaka ncha yake inatazama juu, si ukutani. Chombo kimesimama wima, chembamba kama sindano. Kunguni wanatoka kwenye nyufa zote.

"Mzee, wanakuja."

"Nawaona. Acha kiteleze chenyewe."

"Wamefika!"

"Piga basi, lakini usisukume!"

Asidi anapiga. Chombo kinateleza kwa ubavu, kinagusa ukuta, na ukuta unakipokea. Hakilipuki. Kinapita kwenye upenyo ambao macho hayakuweza kuuona, na kunguni wanabaki upande wa pili wakizunguka.

Picha inabadilika. Hakuna adui. Kuna kichochoro kifupi, na mwisho wake mlango wenye taa ya njano juu.

Asidi anabonyeza mara moja, kidogo sana. Pembetatu inaingia mlangoni. Skrini inakuwa nyeusi, kisha maneno yanajiandika herufi kwa herufi:

VUA VIATU.

Wa kwanza kucheka ni Madumu. Anacheka mpaka anashika meza.

"Ni mama yenu huyu! Hata mimi, na dumu la maji begani, 'Vua viatu!' Kila siku ya Mungu! Nilikuwa namwambia, mama, nimebeba maji. Ananiambia, maji hayajakataza kuvua viatu."

Asidi hacheki. Mstari wa pili bado unajiandika.

KAKA, KITANDA NI CHAKO LEO.

Anautazama. Anavua kofia, anaivaa tena. Kisha anasema, kwa sauti ya mtu anayejibu salamu ya kawaida, "Haya, mdogo wangu. Asante."

Mkewe anamshika bega na kumwacha dakika moja. Si mbili.

"Joto," anamkumbusha.

*

Chini ya maneno yale kijimstari kinawaka na kuzima. Mashine inasubiri amri kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba.

Neno la kunakili Asidi analijua. Enzi zile Karani aliandika, yeye akibonyeza vitufe viwili vya rekoda kwa pamoja. Leo anafanya kazi zote mbili. Anaandika kwa kidole kimoja. Anaingiza kaseti ya kwanza, ya muziki wa densi aliyoipata kwa mteja. Nzige wanaanza kulia ndani ya debe. Dakika nne. Anaingiza ya pili, ya mafunzo ya udereva. Dakika nne nyingine. Skrini inatapakaa na safari hii vidoa havitaki kuondoka.

"Zinatosha?" anauliza Madumu.

"Zimechakaa. Sijui."

Mke wa Asidi ametoka bila kuaga. Anarudi akiwa na kaseti moja kwenye kasha lake, safi, imefungwa kwa mpira.

"Tumia na hii."

Asidi anaitambua. "Huu si mchezo wako wa redio?"

"Ulikuwa mchezo wa shemeji kabla haujawa wangu."

"Una miaka unausikiliza huu."

"Na wewe una dakika ngapi?" anamjibu. "Ingiza, Baba. Usinifanye nibadili nia."

Anaingiza. Dakika nne. Katikati ya kelele mkewe anatoka nje kwenda kumalizia mchele, na anautazama mchele huo kwa bidii sana.

Sasa limebaki jambo ambalo hakuna fundi anayelipenda. Mashine imechemka kiasi kwamba kiganja hakikai. Isipopumzishwa itaungua, na ikiungua hata kaseti nzuri haitakuwa na pa kuingia. Ni lazima izimwe. Na ikizimwa, kilichomo kimekwenda, kaseti ziwe nzima zisiwe nzima.

Asidi anashika waya wa betri kwa mkono mmoja, wa ukutani kwa mwingine. Ameuguza nyaya hizi tangu kabla ya msimu wa joto.

"Chomoa," anasema Madumu. "Mtu akishafika nyumbani, huachwa apumzike."

Anachomoa.

Kijimstari kinatoweka. Feni inaendelea kuvuma, haina habari. Madumu anaomba maji ya kunywa. Wanakaa saa nzima bila kugusa kitu, na kwa saa hiyo mchezo wa Karani hauko popote wanapoweza kuuona.

Mashine inapopoa, Asidi anarudisha waya na kuingiza kaseti ya muziki wa densi. Inalia nusu dakika, inakataa. Anajaribu tena. Inakataa tena.

Kaseti ya udereva inampa matumaini. Inalia dakika moja, mbili, tatu. Kabla tu ya mwisho, inakataa.

"Ndivyo wanavyoendesha hao," anasema Madumu, lakini hakuna anayecheka, hata mwenyewe.

Asidi anafungua kasha lenye mpira. Anapangusa kichwa cha rekoda kwa pindo la shati. Anabonyeza.

Nzige wanalia. Mkewe amesimama mlangoni, sinia mkononi. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kelele zinakoma ghafla, na kwa pumzi moja televisheni ni nyeusi.

Halafu lango kuu linatokea. Mbele yake, pembetatu nyeupe. Roho tatu.

Mke wa Asidi anaweka sinia chini na kupiga kigelegele ambacho kinamfanya jirani, fundi wa simu, aje mbio akidhani kuna harusi.

*

Fundi wa simu ndiye aliyemaliza hofu. Alicheza kaseti ile, akairekodi sauti yake yote ya nzige kwenye simu, akaitunza sehemu tatu tofauti. Aliijaribu kutoka simuni kwenda kwenye mashine na lango kuu likatokea vilevile. Alikataa malipo. Bibi yake aliishi mtaa wa zamani, nyuma ya kinu, na alichoomba ni kimoja: apelekwe kwa bibi. Madumu akampeleka, kushoto, kulia, kushoto, na kijana wa watu akasimama mbele ya ukuta wa zambarau kwenye televisheni ndogo akiuangalia kama picha ya ukutani.

Tangu hapo wanakuja. Mshonaji aliyekuwa na chumba karibu na mfereji. Wapangaji wa choo kile maarufu. Mwanamke mmoja aliomba chombo kisonge polepole kwenye kona fulani, hakusema kwa nini, akashukuru na kwenda zake.

Asidi anapanga kuhamishia televisheni mbele ya karakana, iwe wazi Jumapili mchana, siku ambayo betri ni chache. Hatatoza. Madumu atakaa kitini kuwaonyesha njia, kwa sharti moja: apewe chai, na asiitwe rubani msaidizi.

"Nilidhani namtunzia marehemu kitu chake," anasema Asidi, akiinamia betri ya mteja, moshi mwembamba wa asidi ukipanda. "Kumbe yeye ndiye alikuwa amenitunzia mimi. Nashukuru. Sina neno kubwa kuliko hilo."

Sasa mashine huzimwa kila jioni, kama mashine nyingine.

Gharama yake ilikuwa hii. Betri mbili zake mwenyewe, zimekufa kabisa. Mteja mmoja wa teksi aliyekuwa akileta betri kila wiki, amehamia kwingine kwa sababu alikuta chaja imeshikwa na kompyuta. Msimu mzima wa joto nyumbani bila feni. Ncha ya kidole gumba cha kushoto, ambayo haisikii tena moto wala baridi. Na kipindi cha mwisho cha mchezo wa redio, nusu saa kamili, ambacho hakipo popote tena isipokuwa kichwani mwa mke wa Asidi. Ukimwomba atakusimulia wote, sauti za wachumba wote wawili, pamoja na mlango unavyolia.